Kachumbari ya Nyumba ya Vyumba Sita

Siku hizi ukialikwa pilau la Idd utakuta saladi za kila namna mezani. Iko ya kabichi iliyopigwa mayonezi mpaka ikawa nyeupe pe, iko ya makaroni yaliyopoa, iko ya mahindi ya kopo, na juzi nimekuta moja ina tufaha na zabibu kavu. Sijui nani aliyewakutanisha wale na kitunguu. Nakula zote. Chakula cha watu hakisemwi, ndivyo tulivyofundishwa, na umri wangu huu si wa kuchaguachagua. Lakini macho hayatulii mpaka yaione kachumbari, nayo mara nyingi iko pembeni kabisa, kwenye kibakuli cha plastiki, nyanya zimekatwa kwa hasira na kitunguu hakijaoshwa. Hapo ndipo ninapoanza kuikumbuka Tanga, na wanangu wanatazamana, maana wanajua hadithi inakuja. Basi na wewe jimiminie chai, ukae.

Nilikulia Ngamiani, Barabara ya 12. Kama hujafika Tanga nikueleze: Ngamiani barabara zake zina namba, kwa hiyo mtoto akikamatwa na embe la mtu haulizwi kwanza jina la baba yake, anaulizwa wa barabara ya ngapi. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili hasa: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani ndiko kwenye jiko, choo, mndimu na mbirimbi. Mwenye nyumba alikuwa Bibi, mama yake baba. Sisi tulikaa vyumba viwili, vinne alipangisha.

Wapangaji wake ngoja nikutajie, maana bila wao kachumbari haisimuliki. Kulikuwa na fundi baiskeli, Mdigo wa upande wa Duga, ambaye katika mji ule wa baiskeli hakuwahi kukosa kazi, wala hakuwahi kukosa grisi kwenye kucha. Kulikuwa na Mpemba na mkewe. Mume mpole, mke mdomo. Kulikuwa na Mama Lushoto, ndivyo tulivyomwita sote, Msambaa na Mlutheri wa kwenda kanisani kila Jumapili, mumewe akifanya kazi kiwanda cha mbolea kilipokuwa bado kipya. Na chumba cha mwisho, karibu na mlango wa uani, alikaa mwalimu wa shule ya msingi ambaye hakuwa na mke wala sufuria, ila alikuwa na redio.

Redio ile ndiyo iliyotuandamishia mwezi. Ramadhani ikifika siku ya 29, baada ya futari mwalimu aliitoa chumbani, akaiweka barazani juu ya kigoda, akavuta antena mpaka mwisho, na nusu ya mtaa ikaja kukaa pale. Radio Tanzania ilikuwa na mambo yake: taarabu, matangazo ya vifo, tena taarabu. Ikipigwa ya Black Star au Lucky Star, kina mama walisahau kidogo walichokuja kusikiliza, maana zile zilikuwa bendi zetu za Tanga, na Shakila akiimba hata Bibi aliacha kuchezesha tasbihi. Huku Mpemba keshatangaza tangu alasiri kwamba Pemba mwezi umeonekana. Kila mwaka Pemba mwezi ulionekana kabla jua halijazama, na kila mwaka Bibi alimjibu vile vile, "Basi kale Idd yako huko huko, hapa hakikatwi kitunguu mpaka redio iseme."

Na redio ikisema, we acha tu. Watoto tunapiga makopo barabarani, misikiti inaanza takbiri mmoja baada ya mwingine, na vinu vinaitikia uani kwa kila mtu: bizari ya pilau, iliki, mdalasini, pilipili manga. Harufu ile ikichanganyika na ubani na asumini inayotungwa, ungeweza kutembea Barabara ya 12 macho umefumba ukajua umefika nyumba gani. Kwetu walitandika mkeka chini ya mbirimbi, chemli ikatundikwa kwenye tawi, na Bibi akakaa katikati na beseni lake.

Hakuwa na ubao wa kukatia, wala hakuna mwanamke pale uani aliyekuwa nao. Kitunguu chekundu kilipasuliwa katikati, nusu yake ikakaa kwenye kiganja cha kushoto, na kisu kidogo cha mpini wa mti kikavutwa kuelekea dole gumba, kikasimama pale pale ngozi inapoanza. Kipande kikaanguka. Kingine. Huku anaongea, tena anamtazama usoni anayeongea naye, haangalii kisu kabisa. Sisi wajukuu tulikuwa tunasubiri damu miaka yote na hatukuiona. Kila baada ya muda alinyanyua kipande kimoja akakielekeza kwenye chemli. Mwanga ukipita, sawa, usipopita aliyekikata akaambiwa hicho ni cha kukaangia, akiweke kando kwa ajili ya pilau. Mke wa Mpemba alikuwa anakata huku ameuma njiti ya kiberiti, eti macho yasimwashe, na ndiyo saa pekee ya mwaka mzima tuliyomwona kanyamaza.

Vikishakatwa, vinamwagiwa chumvi ya mabonge, ile iliyotoka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu, halafu vinafikichwa. Kufikicha ni kazi ya mikono miwili, si ya kijiko. Unavibana, unaviviringisha, mpaka vitoe povu jepesi la zambarau na ule ukali wote utoke mikononi mwako. Kisha maji, mimina. Maji tena, mimina. Na ya tatu. Kitunguu kilichooshwa hivyo kinabaki kitamu na chororo, hakimsemi mtu mdomoni anapokwenda kupeana mikono ya Idd. Nasema hivi kwa sababu mwanangu wa pili ana digrii na anaamini kwamba kuosha kitunguu ni kupoteza vitamini.

Mimi kazi yangu ilikuwa karoti na kutumwa. Kikwaruzio chetu kilikuwa kopo la maziwa ya unga, fundi baiskeli kalipasua, kalinyoosha, kalitoboa kwa msumari kutoka ndani kwenda nje, akalipigilia kwenye kipande cha mbao. Kilikwaruza karoti vizuri na ngozi ya vidole vizuri zaidi. Kutumwa kulinipeleka kwa Mwarabu mwenye duka pale kwenye kona, ambaye nyuma ya duka lake alikuwa na mkomamanga. Mwaka mti ukijaaliwa kuzaa, alinipa matatu au manne bila senti, yamefungwa kwenye gazeti, na kila mara aliniambia nisalimie uani. Kupukuchua komamanga tulipewa watoto, kwa masharti. Bibi alituambia kila komamanga lina punje moja iliyotoka peponi, na haijulikani ni ipi. Kwa hiyo punje ikidondoka, sote tulitambaa kwenye mchanga na chemli kuitafuta, tukaipuliza, tukaila upesi upesi kabla mwingine hajatuwahi. Nadhani nina thawabu nyingi kwa njia ile.

Nyanya zilikuja na fundi baiskeli. Siku mbili kabla ya sikukuu alikwenda kwao na kurudi usiku, kapu moja limening'inia huku kwenye usukani, nazi zimening'inia huku ili baiskeli isipinde, na nyanya zenyewe zilikuwa ndogondogo, chachu, zenye mbegu nyingi. Mabirimbi tulichuma palepale juu ya vichwa vyetu. Ukilikata birimbi kwa mviringo linatoa nyota ya pembe tano, na Bibi alizipanga pembezoni mwa bakuli kuanzia kulia. Ndimu zilikuwa zake. Pilipili mbuzi zilikuwa za mke wa Mpemba, kazipanda kwenye madebe nje ya dirisha lake, na hakuna aliyethubutu kuzichuma bila yeye kuwapo.

Lakini rangi hasa ilitoka mlimani. Wiki ya mwisho ya mfungo, Mama Lushoto alipokea tenga kutoka kwao. Lilishuka na lori mpaka Mombo, likapanda basi la Tanga juu kwenye keria, likafika limefunikwa majani mabichi yaliyokuwa bado na umande, au sisi tuliamini ni umande. Wajerumani walipoitawala nchi hii walikimbilia kule juu kutafuta baridi, mji wa Lushoto wakauita Wilhelmstal, na wale wazungu wakishaondoka Wasambaa wakaendelea kulima karoti na kabichi na koliflawa kana kwamba ni mambo yao ya asili. Tenga likifunguliwa uani, lilitoa harufu ambayo Tanga haina: udongo wa baridi. Ndani kulikuwa na karoti zenye majani yake, figili nyekundu, letusi, na bitruti zilizofungwa kwa kamba ya mgomba. Sisi watu wa pwani bitruti tuliitazama kwa mashaka. Mama Lushoto alizichemsha na maganda, akazimenya zikiwa moto, akazikata duara nene, na akatoa amri moja tu, yeye ambaye hakuwa amefunga wala hakuwa na Idd: hizi zinawekwa mwisho, pembeni, na hakuna wa kuzikoroga.

Mwaka mmoja shangazi yangu mdogo, ambaye alikuwa na haraka ya kwenda kupakwa hina, akazitia zote kwenye beseni la kabichi usiku ule ule akachanganya. Asubuhi kawa limefunuliwa, ndani kila kitu chekundu, kabichi nyekundu, vitunguu vyekundu, hata matango. Ami yangu alirudi kutoka msikitini na kanzu yake nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, akachungulia, akarudi nyuma hatua mbili. "Mmechinja humu?" Akaapa hatakula. Alikula, na kanzu ile ikabaki na doa kifuani mpaka Idd ya Kuchinja, ambapo angalau lilikuwa na maelezo.

Siri kubwa ya Bibi ilikuwa kwamba kachumbari haitiwi chumvi wala ndimu mpaka walaji wafike. Ukitangulia inatoa maji, nyanya zinalegea, na unapakulia watu supu. Lakini walaji walikuwa msikitini, na hakuna aliyejua hotuba ya mwaka ule itakuwa ndefu kiasi gani. Kwa hiyo mimi niliwekwa barazani, nimevaa shati jipya linalowasha shingo, kazi yangu kutazama mwisho wa barabara. Nikiona kanzu ya kwanza inakata kona, napiga kelele kwenye korido, "Wanakujaaa!" Na kelele ile ikafika uani kama filimbi ya stesheni, kila mtu akainuka. Ndimu zinakamuliwa kwa kupitia ngumi ili kokwa zisipite, chumvi inanyunyizwa, nyanya zinaingia, majani ya giligilani yanachanwa kwa mkono, komamanga linamwagwa juu kabisa, na pilipili mbuzi moja nzima, iliyopasuliwa kidogo tu, inakaa katikati kwa ajili ya harufu na kwa ajili ya mgeni asiyejua. Wanaume wakivua viatu barazani, sinia la kwanza linapita koridoni limefunikwa kawa.

Halafu zinatoka sahani. Kila chumba sahani, kwa Mwarabu sahani, kwa majirani wa kulia na kushoto, na watoto tuliozibeba tukirudi na thumni zetu zenye picha ya sungura. Sahani ya mwalimu ilijazwa kuliko zote. Bibi alisema mtu aliyetuletea mwezi asilale na njaa.

Jambo ambalo utotoni sikulitia maanani ni kwamba Idd inatembea. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, na kuumaliza mwaka mzima wa jua inachukua kama miaka 33. Kwa hiyo kachumbari ya Idd haikuwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 70 ilituangukia Novemba, vuli imeshaanza na maembe mabichi yametapakaa, basi tulikwaruzia embe, ikawa na uchachu wa kuziba masikio. Baadaye ikaingia kipupwe, mboga za Lushoto zimejaa, letusi mpaka tunawapa mbuzi. Kufika 1990 imeangukia Aprili, masika imechacha, nyanya zimeozea shambani na ile moja unayoipata sokoni unaombwa bei ya kuku. Ile ilikuwa kachumbari ya kabichi na karoti, imepauka, na fundi baiskeli alikula kimya huku akiomba radhi kwa niaba ya mvua.

Ila hakuna ninayoikumbuka kuliko ya Julai 1983. Wenye umri wangu mnaujua mwaka ule. Sabuni hakuna, mafuta hakuna, sukari ya kupimiwa, mtu anaweka jiwe kwenye foleni ya duka la ushirika limshikie nafasi naye anakwenda kulala. Waziri Mkuu Sokoine alikuwa amewashukia wahujumu uchumi, na watu waliokuwa na vitu walivitupa usiku, wengine mtaroni, kuliko kukutwa navyo. Mchele wetu wa Idd ulipatikana, sitakudanganya, lakini ukiutazama kwenye sufuria kubwa ya Bibi ulikuwa unaona aibu. Mboga hata hivyo hazikuwa na foleni. Mlima haukuwa umesikia habari za uhaba. Mama Lushoto alipokea matenga mawili mwaka ule, la pili sijui alilipaje, na Bibi akapiga hesabu yake. Pilau likatandazwa jembamba kwenye masinia, juu yake ikaja kachumbari, kabichi, figili, karoti, tabaka juu ya tabaka, bitruti zimezunguka, komamanga juu. Mgeni akitia mkono unazama kwenye bustani kabla haujagusa punje ya mchele. Watu walishiba, au walichoka kutafuna, sikuuliza. Ami yangu ndiye aliyesema akinawa, "Mama, Idd njema, leo tumekula Lushoto yote." Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, na Mama Lushoto mlangoni kwake akajifanya hakusikia, lakini shingo ilikuwa imenyooka.

Kiwanda cha mbolea kilifungwa baadaye. Mume wa Mama Lushoto akarudi kwao kulima, yeye akabaki na chumba chake kile kile, akafungua meza ya mboga Soko la Ngamiani. Mpemba na mkewe walihamia Unguja. Mwalimu alioa, akapata uhamisho, redio ikaenda naye, lakini wakati huo kila chumba kilikuwa na redio yake na kila redio mwezi wake.

Mara ya mwisho nilipokula kachumbari ya nyumba ile ni mwaka 2000, mwaka ule wa ajabu uliokuwa na Idd ul-Fitri mbili, ya Januari na ya mwisho wa Desemba. Ile ya Desemba iliifuata Krismasi kwa siku mbili tatu tu. Krismasi yenyewe ikawa ndani ya mfungo, na Mama Lushoto hakuweza kutupa chakula mchana, basi alikaa na kuku wake na saladi yake, wageni wake wa kanisani wakala kidogo wakaondoka, akangoja. Adhana ya magharibi ilipoanza tu, akatokea koridoni na sinia kichwani. Tulifuturu Krismasi. Bitruti zilizobaki akazitia kwenye chungu cha maji, zikangoja Idd.

Bibi alikuwa haoni tena. Usiku wa mwezi walimkalisha kwenye mkeka kama zamani, wakampa vipande vya vitunguu mkononi, akavipapasa kimoja kimoja kati ya dole gumba na cha shahada. "Hiki cha kukaangia," akasema. Wakajaribu kumpa kile kile tena kwa mzaha. "Nimesema cha kukaangia."

Nyumba iliuzwa baada yake, warithi tulikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na shida zake; nami nilipokea fungu langu kama wenzangu, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Mbirimbi ulikatwa siku ya kwanza. Sasa pale pana ghorofa, chini maduka ya simu, na nilipopita mara ya mwisho nilihesabu milango ya chuma, nikaacha. Hayo ndiyo maisha ya mji. Hata nyumba ya Bibi nayo ilijengwa mahali palipokuwa na kitu cha mtu. Ila nasikitika kwamba wajukuu zangu hapa Dar es Salaam wanajua nani analipa LUKU ya umeme ya nani, hawajui nani anakula nini mlango wa pili. Na kabichi yao inanunuliwa sokoni imeshakatwa, imechanganywa na karoti, imefungwa kwenye mfuko. Nafuu kubwa kwa mama anayetoka kazini saa kumi na mbili, sikatai. Nimejaribu kukielekeza kipande cha kabichi ile kwenye taa. Mwanga haupiti.

Basi kila Idd najikatia ya kwangu, bakuli dogo, nimekaa kwenye kigoda jikoni kwa binti yangu, bila ubao, mjukuu mmoja ananitazama kwa makini na mimi najua anasubiri damu. Mwanzoni waliniona mzee mwenye visa. Halafu mkwe wangu akaonja kijiko kimoja, kwa heshima tu, akaonja cha pili, akaita nduguze. Mwaka juzi sikuambulia hata nyanya. Mwaka huu kanipigia simu wiki nzima kabla: "Baba, tunaomba ya safari hii iwe beseni." Nimemwambia hakuna shida, anunue vitunguu vyekundu kilo tatu, aje navyo yeye mwenyewe usiku wa mwezi, na njiti ya kiberiti asisahau.